Kifaranga Niliyembeba Mimi

Watu wakiniambia uchawi ni mambo ya zamani, nanyamaza, maana nikifungua mdomo nitatukana. Nimemwona mama wa watu akitolewa nyumbani kwake kwa sababu ya kifaranga, na kifaranga mwenyewe nilimbeba mimi, kwa mkono wangu huu.

Tulikuwa tunakaa kijiji cha Itetemia, enzi za Mwingereza: mimi, mume wangu, na mama yake. Mama mkwe alikuwa mjane, hodari wa kuchemsha masega ya nyuki na kukamua nta ya kuwauzia wenye maduka wa Kanyenye, mjini. Kutwa nzima yuko motoni, na macho yake yakawa mekundu siku zote. Ni moshi. Kila aliyewahi kupuliza kuni mbichi anajua ni moshi. Lakini majirani walikula asali yake, wakapangusa midomo, wakasema macho yale si ya bure.

Mvua zilipokuwa zinaishia, mwanangu wa kwanza, ndiyo kwanza anatambaa, akashikwa na homa. Mchana akakakamaa, macho juu, povu mdomoni. Degedege. Mama mkwe akamvua nguo na kumpangusa kwa maji mpaka akalegea. Nikasema twende hospitali. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akanijibu kama anasema na mpumbavu: "Degedege halichomwi sindano. Akichomwa tu, amekwisha."

Uongo huo umezika watoto wengi, na bado kuna watu wazima wanausema bila haya. Mume wangu alikuwa Mkatoliki, rozari shingoni, kila Jumapili kanisani, na kesho yake asubuhi akaniambia nimchukue mtoto twende kwa mfumu, mganga anayeagua kwa kuku.

Desturi ni hii. Kifaranga anatoka kwenu, mzazi wa mgonjwa anamtemea mate mdomoni ili abebe habari za nyumba, kisha mfumu anampasua na kumsoma. Akiwa mweupe ndani, ugonjwa ni wa Mungu. Akiwa na wekundu chini ya bawa, kuna mkono wa mtu. Tulitembea, mimi, mume wangu na shemeji, zaidi ya saa nzima. Mtoto mgongoni anawaka moto, kila akishtuka na mimi nashtuka, na kila nikishtuka nambana yule kifaranga bawa. Nilimbana njia nzima.

Basi alipopasuliwa, chini ya bawa lile lile kulikuwa na doa jekundu. Mfumu akalitazama, akatikisa kichwa. Jina hakutaja, mjanja yule, kwa kuwa sheria ya Mwingereza ilikuwa inamfunga anayemwita mtu mchawi. Akasema tu, "Mtu huyu anakaa karibu na moto." Mwanangwa, mkubwa wa kijiji, alikuwa amekaa pale pale na hakusema neno. Nyumbani kwetu anayekaa karibu na moto ni nani?

Nikasema. Mwanamke, mbele ya wanaume, nikasema: "Doa hilo ni la vidole vyangu. Nimembana njia nzima. Mwenye kuku yeyote anajua nyama ikibanwa inavilia damu." Shemeji akaniambia nina homa ya mtoto kichwani. Nikashikilia. Nikataka apasuliwe mwingine, abebwe kwenye tenga, asiguswe na mtu. Mume wangu, kwa aibu, akakubali. Kwetu ni mbali, basi akaletwa kwenye tenga wa jirani yake mfumu, nikamtemea mate, akapasuliwa. Mweupe kabisa, hana hata alama.

Nikashusha pumzi. Mfumu akacheka kidogo. "Mnaona? Ameshajua tuko hapa, amejisafisha."

Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo damu inachemka. Kuku akiwa mwekundu, wewe mchawi. Kuku akiwa mweupe, wewe mchawi hodari. Sasa huyo mama angetokea wapi? Na wote pale, watu wenye akili zao, wanaojua kununua ng'ombe bila kupunjwa, wakaitikia kwa vichwa.

Jioni mume wangu alimwambia mama yake, kwa adabu zote, "Mama, nenda kapumzike kidogo Igalula kwa mdogo wako." Kapumzike! Mama alifunga kanga mbili na chungu chake, na kulipokucha akaenda stesheni peke yake. Mume wangu alikuwa anakunywa uji.

Mimi nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda hospitali bila kumuaga mtu. Akachomwa sindano, hakufa. Akanyweshwa kwinini, siku ya tatu akalilia chakula. Na unajua walisema nini? "Tangu yule mama aondoke, mtoto amepona." Walinipongeza mlangoni kwangu.

Mwezi uliofuata nilipanda treni na mtoto, nikamfuata bibi yake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mume, na shemeji, na kijiji kizima. Nilimkuta uani ameketi, anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuchukua. Mtoto amepona, ilikuwa malaria tu, daktari amesema."

"Marahaba." Akajivuta nyuma pale pale alipoketi. "Usimsogeze hapa, mwanangu."

"Mama, mimi siyaamini hayo."

"Najua. Ila nimekaa hapa nikafikiri. Bibi yangu naye walimsema hivi hivi. Labda uchawi ninao kweli, nilizaliwa nao, unatoka usiku bila mimi kujua."

Nilikuwa nimewaandalia maneno wote wale, yeye sikumwandalia. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamweka mapajani mwa bibi yake kwa nguvu. Mtoto akamshika kanga, akacheka. Mama mkwe akainua mikono yote miwili juu, akalia, asimguse.