Jogoo wa Mtani

Nakumbuka siku moja nilicheka nikiwa na kipara cha msiba kichwani, na kicheko kile, mwanangu Yustina, nusura kimfukuzishe shule kijana bora kuliko wote niliopata kuwajua.

Kaa hapo mkekani. Najua bado umeninunia. Juzi kule Makote, tulipokwenda kumzika mzee Dismas, nilivaa koti la marehemu, nikashika fimbo yake, nikatembea mwendo wake ule wa kujidai mbele ya waombolezaji, nikawadai wanawe kiti, chai, na baiskeli ya baba yao. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Wewe ukajifunika kitenge usoni, mjukuu wangu, dada mkuu mzima, ukaninong'oneza, "Babu, twende nyumbani, unatutia aibu." Haya. Sasa magoti yangu yamepumzika, nikueleze. Hicho ulichokiona aibu ndicho kilichonifanya mimi nimalize shule.

Nilikuwa kidato cha pili, bweni la mapadre, kule juu Newala. Kwetu Lupaso, unapajua. Baba yangu alikuwa haachi muhula upite bila kuja kuniona, na anakuja kwa baiskeli, mlimani anaisukuma, nyuma amefunga ming'oko, vile viazi vya porini, na korosho. Akifika, hata shikamoo za wanafunzi hajamaliza kuziitikia, anasimama mlangoni mwa bwalo, kidevu juu, mkono kiunoni, anapaza sauti: "Wapishi! Huyu mwanangu anakula tu, au na kusoma anasoma?" Bwalo zima linaangua kicheko. Mimi natamani ardhi ipasuke niingie. Laiti ningejua, ningekuwa nacheka nao.

Mwaka ule, mikorosho inaanza kutoa maua, baba akaugua ghafla akafariki. Nilikwenda nikamzika, nikanyolewa, nikarudi shule. Na wenzangu, Mungu awabariki, wakanihurumia kwa namna ambayo nusura initoe roho. Nikiingia bwenini, mazungumzo yanakatika. Nikikaa mezani, wanasogea. Walimu wakaacha kuniuliza maswali darasani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu; kila mtu aliona ananipunguzia, kumbe wote wameniachia niubebe peke yangu. Chakula nilikuwa narudisha kama kilivyopakuliwa. Kitabu nikikifungua, nayaona maandishi lakini hayaingii. Nikaamua moyoni mwangu: muhula ukiisha narudi Lupaso kulima, na shule nimeaga.

Kaka mkuu wetu alikuwa huyo Dismas, kidato cha nne, kijana wa Makote. Mtu mrefu, mcheshi, anapenda kujidai. Sasa wao Wamakonde wa ukoo ule na sisi Wamakua wa ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu. Watani wa kuzikana. Kazi ya mtani unaijua, au siku hizi mnafundishwa ya kwenye simu tu? Msibani mtani ndiye anashika jembe la kaburi, ndiye anaiba nyama sufuriani, ndiye anamwigiza marehemu mpaka mfiwa acheke. Ana ruhusa hiyo, hakuna wa kumkasirikia. Na akimaliza analipwa, maana kumchekesha mfiwa ni kazi kubwa kuliko kulia naye.

Basi mchana mmoja tumekaa bwaloni, ugali wa muhogo na maharage mbele yangu, siugusi. Mara nasikia mlangoni, "Wapishi!"

Sauti ya baba kabisa. Nikageuka. Ni Dismas, kavaa koti la mpishi ndani nje, kidevu juu, mkono kiunoni. "Huyu mwanangu anakula tu, au na kusoma anasoma? Naona siku hizi hata kula hali! Basi karo yangu mnirudishie!" Akaja mpaka mezani akikohoa kikohozi cha baba, kile kile, akaketi, akavuta sahani yangu, akaanza kula. "Marehemu kaniachia urithi," akawaambia watu na tonge mdomoni. "Kaniachia sahani hii, na godoro, na huyu mwenyewe. Tatizo huyu mwenyewe kakonda, sijui nitamuuza wapi!"

Nilicheka, Yustina. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha kilio kikafuata nyuma, kilio ambacho hata makaburini sikukilia, nikalaza kichwa mezani.

Na hapo ndipo mwalimu wa nidhamu alipoingia.

Mwalimu yule alikuwa mgeni, mtu wa mbali kabisa, kandokando ya Ziwa, na kwao utani wa namna hii hawaujui. Tena usimlaumu haraka. Mwaka ule ule mtoto mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ameonewa na wakubwa mpaka akatoroka bweni, na Padre, mkuu wetu wa shule, akatangaza kanisani: atakayemwonea au kumdhihaki mwenzake anafunga sanduku lake anarudi kwao. Sasa mwalimu anaingia, anaona nini? Kaka mkuu anamwigiza marehemu, anakula chakula cha yatima, na yatima analia. Wewe ungefikiri nini?

Dismas alijaribu kueleza. Wenzetu nao wakasema, "Mwalimu, huo ni utani." Akaona wanamkingia kiongozi wao. Akanigeukia mimi, nikafungua mdomo, kwikwi ikanikaba. Akamvua Dismas beji pale pale mbele ya shule nzima. Padre alipopelekewa habari akasema, "Wazazi waitwe, waje tuyasikie." Padre utani alikuwa anaufahamu, lakini sheria alikuwa ameitangaza kwa kinywa chake mwenyewe, na hakutaka kumvunjia heshima mwalimu wake mbele ya wanafunzi. Na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa mlangoni. Dismas akifukuzwa, miaka yote ile imekwenda na maji.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kwenye kiini.

Asubuhi iliyofuata tulisikia kengele, lile ringi la gari lililoning'inizwa nje ya bwalo. Nikachungulia nimwone kaka mkuu mpya. Ni Dismas, kifua kitupu, hakina beji, anagonga. Kwenye maji akasimama kama kawaida yake kuhakikisha wadogo wanachota kwanza. Kijana mmoja mchokozi akamwambia, "Kaka mkuu wa zamani, nani kakutuma?" Dismas akacheka. "Beji ilikuwa ya shule, imerudi shuleni," akasema. "Kengele bado inataka kupigwa." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo nilikuwa naiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, lakini kuiona inatembea kwa miguu, siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Tena baada ya chakula akaja na kitabu changu cha hesabu. "Fungua," akasema, "unifundishe."

"Nikufundishe wewe wa kidato cha nne?"

"Mambo ya kidato cha pili nimeyasahau, na mtihani unayauliza. Halafu wewe ni urithi wangu. Mimi siwezi kurithi mjinga."

Nikamfundisha. Nikikosea ananitazama tu kama ng'ombe, mpaka nijirekebishe mwenyewe. Siku zikaenda hivyo, yeye anangoja kufukuzwa, mimi narudi taratibu kwenye masomo, na maandishi yakaanza kuniingia tena. Ya kwake hakuyataja hata mara moja.

Siku ya kikao, kutoka Makote alikuja mama yake Dismas, ameshika rozari. Kutoka kwetu alikuja mjomba wangu, maana kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Ameteremka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope, na kikapu mkononi kimefunikwa kanga. Mwalimu akampokea kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Poleni sana na msiba. Na tunaomba radhi kwa yaliyompata mtoto wenu hapa shuleni."

"Marahaba, mwalimu. Tumeshapoa. Yapi hayo yaliyompata?"

Mwalimu akaeleza yote, hakuongeza wala kupunguza. Mjomba akasikiliza, kisha akamtazama Dismas. "Ulimwigiza vipi? Hebu tuone."

Dismas akamtazama Padre. Padre akaitikia kwa kichwa. Dismas akasimama, akainua kidevu, akaweka mkono kiunoni, akakohoa. Hata hajafika kwenye "Wapishi," mjomba kofia imemdondoka kwa kucheka, anajifuta macho, anapiga paja. "Ni shemeji yangu huyo! Loo, ni yeye! Na kikohozi chake!"

Padre akanigeukia. "Hilari, wewe ulilia kwa nini?"

Safari hii sauti ilitoka. "Nililia kwa sababu nilicheka, Padre. Tangu nimzike baba, nikimkumbuka nilikuwa namwona kaburini tu. Pale bwaloni nilimwona yu hai."

Mama yake Dismas akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha mjomba akauliza, taratibu kabisa, "Sasa huyu mtoto mmemlipa nini?"

"Kumlipa?" mwalimu akashangaa.

Mjomba akafunua kikapu. Jogoo mwekundu akachomoka, akaruka mpaka juu ya meza ya Padre, akapiga mbawa, akawika. "Mimi sikuja kwenye kesi, mwalimu. Nilipoambiwa kijana wa Makote kamwigiza shemeji, nikajua mtani kafanya kazi yake, na sisi hatujamlipa. Huyo ni wake."

Ungedhani yaliishia hapo, tukashangilia. Hapana. Mjomba akamgeukia Dismas na uso umebadilika. "Lakini na wewe, baba, sikia. Nyumba ikiwa na mgeni, utani unaanza kwa kumwambia mgeni. Huyu mwalimu umekaa naye, ukijua kwao hayapo haya. Ungemwambia mapema, leo asingeaibika yeye wala usingevuliwa beji wewe. Kiongozi ukifanya jambo jema, hakikisha na asiyelijua amelijua. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nasema aambiwe!"

Dismas alikuwa ameshashinda, mwanangu. Angeweza kutabasamu tu. Badala yake akainamisha kichwa. "Nimekosa, mzee. Mwalimu, nisamehe. Nilikushtua."

"Na wewe, mwalimu," mjomba akasema, sauti imelainika, "huna kosa. Uliona mtoto analia ukamkimbilia. Asante. Endelea hivyo hivyo."

Mwalimu akatoa beji kwenye mfuko wa shati. Alikuwa anatembea nayo siku zote zile, nadhani ilikuwa inamchoma. Akambandika Dismas kwa mkono wake mwenyewe. Jogoo tulimla Jumapili baada ya misa. Dismas akanipa shingo. Eti paja linamnenepesha yatima. Mshenzi yule! Apumzike kwa amani.

Yeye akafaulu. Mimi mwaka wangu ulipofika nikafaulu. Nimefundisha shule mpaka nywele zimeniota mvi, na kila niliposimama mbele ya darasa nilikuwa nakumbuka nimefika pale kwa sababu ya nani. Ndiyo maana juzi nilivaa koti lake. Mtoto wake mkubwa alikuwa amekaa pembeni haongei, kama mimi wakati ule. Ulimwona alivyocheka? Ulimwona alivyolia baadaye, akaomba chai akanywa? Basi.

Sasa ya kwako. Jana ulinieleza habari za yule binti wa kidato cha kwanza, wa Nanganga, anayechelewa paredi, hali, hasemi na mtu, na kwamba Jumatatu unampeleka kwa Sista wa nidhamu. Sikukujibu. Jibu langu ni hili. Cheo ni dhamana. Kabla hujampeleka kwa Sista, nenda wewe kwake. Kaa naye, ule naye, umwombe akufundishe kitu, hata kama unakijua. Ukiona jambo ni zito, nenda kwa Sista mwenyewe umweleze unachokifanya, usimwache abahatishe. Ukikemewa, sema nimekosa, hata siku uliyoshinda. Na wakikuvua beji, kengele bado itataka kupigwa. Kila mtoto aliyenyamaza anahitaji mtani wake. Huyo binti huko bwenini mtani wake simjui ni nani. Kama hana, basi ni wewe.

Njoo nikushike kichwa. Mungu aliyekupa sauti ya kuamrisha akupe na sikio la kusikia. Akujalie masomo yakuingie, na unaowaongoza wamalize pamoja nawe. Bikira Maria akufunike kwa kanga yake, asubuhi na jioni.

Na siku yangu ikifika, wajukuu wa Dismas watapanda lori waje Lupaso. Watavaa koti langu hili, watachechemea kwa magoti yangu haya, watakudai mpaka mkeka huu. Usijifunike kitenge, mwanangu. Cheka. Kisha uwalipe jogoo.