Vitambaa Tulivyofukua Taru

Nilitoka Msambweni Jumatatu alfajiri kwenda Taru kufukua vitambaa. Miezi miwili kabla nilikuwa nimezika vipande vya pamba katika shamba la Bi Mbeyu na katika msitu mkavu unaopakana nalo. Udongo wenye rutuba umejaa vijidudu wasioonekana kwa macho, nao huila pamba. Kitambaa kikiliwa, udongo u hai. Kikitoka kizima, umekufa. Maabara yetu ilitaka kujua hali ya misitu ya nyika. Bi Mbeyu alitaka kujua kwa nini mahindi yake yamekauka misimu mitatu mfululizo.

Saa tatu nilikuwa Kinango. Kuanzia hapo kijani kilizidi kupungua, na tulipokwisha kupita Samburu niliona mizoga miwili ya ng'ombe kando ya barabara.

Saa saba bodaboda ilinishusha kwa Bi Mbeyu. Nilimpa shikamoo, akaniuliza habari za mama yangu, kisha akaniletea kikombe cha maji. Nilijua yanatekwa mbali, nikanywa nusu. Mumewe, Mzee Nyawa, alibeba jembe, tukaenda shambani.

Kitambaa cha kwanza kilitoka kizima. Cha pili vilevile. Ungekifua ungeweza kumshonea mtoto nguo. Bi Mbeyu alivipokea akavikunja polepole.

Msituni, chini ya migunga, Mzee Nyawa alifukua akapata nyuzi tu, nyeusi, zimeshikamana na mizizi. Nilifurahi. Nikaanza kuwaeleza kwa bidii jinsi majani yanavyooza na vijidudu wanavyoyageuza kuwa mbolea.

"Kwa hiyo udongo ulio hai ni huu wa msituni," akasema Mzee Nyawa.

"Ndiyo, mzee."

Aliitazama miti mmoja mmoja, kisha akarudi nyumbani mbele yetu.

Jioni nilimkuta akinoa shoka, ndipo nikaelewa. Nikawaambia kwamba miti ndiyo inayowalisha wale vijidudu, na ikikatwa, baada ya misimu mitatu udongo ule nao utakufa. Bi Mbeyu alikuwa akichambua mbegu za mahindi.

"Misimu mitatu ni mingi, mwanangu," akasema. "Sisi tunatafuta mmoja."



Jumanne niliamshwa na mlio wa shoka. Nilipokwenda kuaga, migunga minne ilikuwa chini, na Mzee Nyawa aliniitikia bila kuacha kukata. Bi Mbeyu alinisindikiza hadi barabarani. Alinishukuru kwa kuwaonyesha pa kulima, na shukrani ile ikanichoma kuliko tusi.

Alasiri nilifika Msambweni. Mkuu wangu alizitazama zile nyuzi akasema matokeo ni mazuri sana. Mimi nilikwenda nikijua kuuliza kama udongo u hai. Sikuwa nimejiuliza mwenye njaa atafanya nini akishajibiwa.

Fomu ya maabara ina nafasi ya kutaja aina ya eneo. Niliandika "msitu", kisha nikaongeza, "hadi Jumanne."