Mwiko wa Bi Mwanamkasi

Makorora nzima hakuna mtu mzima asiyewahi kula chakula cha mkono wa Bi Mwanamkasi. Wenye harusi walimwita, wenye misiba walimwita, na wenye maulidi walimwita kabla hata hawajamwambia shekhe wa kuyasoma. Na hawakuwa wakimwomba, walikuwa wakimpasha habari. "Bi Mwanamkasi, Ijumaa tuna shughuli." Basi. Yeye alijibu "haina neno," kama tunavyojibu sote huku Tanga hata pale neno linapokuwepo, na lenye miguu.

Kwake neno lilikuwepo, nalo lilikuwa kifuani. Miaka ya kuinamia masufuria juu ya kuni ilikuwa imemwachia kikohozi kilichompiga hadi akashika ukuta. Daktari alimwambia waziwazi: "Mama, achana na moshi, la sivyo moshi utaachana na wewe ukiwa kaburini." Akaitikia haina neno, akatoka pale akapitiliza Ngamiani, ambako harusi ya mtoto wa jirani ilikuwa ikimsubiri na vitunguu vilikwisha menywa.

Angekataaje? Akimkatalia mmoja, ataulizwa kwa nini jana alimpikia mwenzake. Akiwakatalia wote, atakuwa kauza ujirani, na mtaani kwetu mtu aliyeuza ujirani hata jeneza lake hukosa wabebaji. Alishawahi kujitia mgonjwa. Walimjia na uji, wakamjulia hali kwa mapenzi kabisa, kisha wakamuuliza pilau ya Jumapili itiwe mdalasini kiasi gani au wamsubiri apone.

Aliyemtafutia mlango wa kutokea ni jirani yake Praxeda, fundi cherehani, Mkatoliki ambaye babu yake alikuja kukata mkonge akasahau njia ya kurudi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na chama kilikuwa kinatafuta mtu wa kusimamishwa udiwani. Praxeda mwenyewe alikuwa mmoja wa wajumbe watakaopiga kura za maoni.

"Shoga, gombea," alisema huku akikata uzi kwa meno. "Nani umemwona akimwita diwani jikoni?"

Bi Mwanamkasi alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa hakucheka tena. Hakuwahi kutamani ukubwa. Hotuba aliyowahi kuitoa mbele za watu ni ile ya "karibuni chakula." Lakini wazo lile lilimganda. Diwani anakwenda barazani jijini amevaa baibui lililopigwa pasi. Diwani anaketi mbele, analetewa sahani. Akachukua fomu.

Akazunguka nyumba kwa nyumba kwa wajumbe, na kila alipoingia alipokewa kwa uso mkunjufu. "Wewe ni wetu," walimwambia. Nyumba ya pili, wewe ni wetu. Nyumba ya kumi, wewe ni wetu, kaa unywe maji. Mzee Shekhe, balozi wa nyumba kumi na mkubwa wa wajumbe wote, alimshika mkono akaufumbata.

"Mwanangu, wewe ni wetu," alisema. "Hatukuachi."

Alirudi nyumbani anaimba, maskini. Mtu aliyezoea siasa angejua kwamba sentensi ile haina kura ndani yake. Yeye alizoea kuonja kwa ulimi, na maneno yale yalikuwa matamu.

Kisha katibu wa chama, Wilfred, akawaita wagombea kuwasomea taratibu. Wilfred alikuwa Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri asiyependa mzaha, shati lake kalifunga hadi kifungo cha shingoni. Alisema mgombea haruhusiwi kumlisha wala kumnywesha mjumbe hadi kura zipigwe. Atakayefanya hivyo amehonga, na jina linakatwa.

"Hata chai?" aliuliza Bi Mwanamkasi.

"Hata chai."

"Na msibani je?"

"Msibani ndiko wajumbe walikojaa, mama yangu. Kwako wewe, kupika sasa ni mwiko."

Watu waliangua kicheko. "Mwiko umepigiwa mwiko!" mmoja akapokea, na yeye akacheka nao. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na ruhusa ya kutoshika mwiko, imetamkwa na katibu mbele ya mashahidi. Alivuta pumzi ndefu, na haikumkata njiani.

Hakuifaidi. Kabla kura hazijapigwa, Bi Tuhfa, mke wa Mzee Shekhe, akafariki.

Bi Tuhfa hakuwa mke wa balozi tu. Alikuwa somo yake. Ndiye aliyekaa naye ndani alipokuwa mwari, akamfunda ya mwilini na ya ndoani, na alipomtoa akamkabidhi mwiko wa mti wa mninga akamwambia ajue kuwalisha watu. Ulikuwa mwiko uleule aliokuwa akiutumia hadi leo. Na kila walipokutana shughulini, bibi yule alimtania: "Siku yangu ikifika, hitima yangu uipike wewe. Nisije nikasemwa kaburini kwa wali wa bokoboko." Bi Mwanamkasi alikuwa akimjibu, "Haina neno, somo." Ile, kati ya haina neno zake zote, aliisema kwa moyo.

Siku ya hitima alikaa jamvini ndani pamoja na wanawake, mikono mapajani. Uani walikuwa wakipika vijana wa mtaani, wenye nguvu nyingi na akili kidogo ya moto. Hakuhitaji kuchungulia. Alisikia kuni zikilia, akajua zimezidi. Alisikia mfuniko ukifunuliwa kabla ya wakati wake. Kisha harufu ikaingia, harufu ya mchele ulioshika chini wakati wa juu bado una kiini, na wanawake wote jamvini wakamgeukia yeye. Afadhali wangesema.

Akainuka. Miguu ilimpeleka yenyewe hadi mlango wa uani, na kijana aliyekuwa akikoroga alipomwona alikaribia kulia kwa furaha.

"Bi mkubwa, shika hata kidogo tu, utuokoe!" Akamnyooshea mwiko.

Kulikuwa na watu wameegemea ukuta, na mmoja wao alikuwa mpambe wa Mundhir, muuza vipuri vya pikipiki aliyekuwa akigombea naye. Alikuwa na simu mkononi. Pengine alikuwa anasoma ujumbe tu, nani ajuaye. Bi Mwanamkasi aliitazama ile simu, akautazama mwiko. Akishika, jina linakatwa, na anarudi motoni maisha. Asiposhika, anamwaibisha somo yake siku ambayo hairudi. Akaiingiza mikono ndani ya kanga.

"Siruhusiwi," alisema.

Watu walikula pilau ile wakiisukuma kwa maji. Yeye hakuweza kumeza hata tonge. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke, nayo ardhi ya Makorora ni ngumu.

"Somo atakusamehe," Praxeda alimwambia wakirudi. "Ukishakuwa diwani, arobaini yake utaisimamia kwa heshima."

"Angekuwa hai angeninunia, nami ningemwomba radhi," alijibu. "Sasa nimwombe nani?"

Siku ya kura alisimama mbele ya wajumbe na hotuba ya mitaro na taa za barabarani aliyokuwa ameikariri wiki nzima. Yote ikamtoka. Alibaki anawatazama, na kila uso aliujua unapenda ukoko au haupendi, unakula pilipili au hauli. "Mnanijua," alisema mwishoni. "Sina zaidi." Wakampigia makofi ambayo Mundhir hakuyapata hata nusu yake, pamoja na vigelegele. Akakaa akiwa na hakika.

Kura zilipohesabiwa, Mundhir alikuwa amezoa karibu zote. Bi Mwanamkasi alipata moja, na Praxeda alikuwa analia, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza ni ya nani.

Alimkuta Mzee Shekhe nje ya ukumbi, anavaa viatu vyake taratibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni ile hitima, siyo? Mlinikasirikia, na mna haki."

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hitima? La hasha! Sisi tulikwisha elewana siku ileile ulipochukua fomu. Marehemu mwenyewe alikuwepo, akacheka. Tukikupeleka jijini, mwanangu, nani atatupikia? Mundhir hata maji ya chai hajui kuchemsha. Huyo na aende barazani. Hatapunguza kitu." Akampapasa bega kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Nilikwambia wewe ni wetu. Nilikwambia hatukuachi."

Kwa hiyo simu ya yule mpambe haikuwa na maana, wala jina lake halikuwa na cha kukatwa. Alimwacha somo yake aagwe kwa wali mbichi kwa ajili ya kura ambazo hazikuwahi kuwa zake. Alitaka kupiga kelele. Badala yake akamwuliza mzee kama miguu inamuuma bado.

Alipofika nyumbani alikuta uani kwake mafiga yamekwisha pangwa, magunia ya mchele yameegemezwa ukutani, na mbuzi wawili wamefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Mundhir alikuja mbio kumlaki, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Hatuna ugomvi, mimi na wewe ni nyumba moja. Leo tunasherehekea, na bila wewe haitakuwa shughuli."

Alifungua mdomo amwambie la. Watu uani walikuwa wanamtazama wakitabasamu, wote watu wake, na kijana yule wa hitima alikuwa amekwisha mchukulia mwiko wa mninga kutoka jikoni.

"Haina neno," alisema, akaupokea.

Praxeda alimkaribia, akamtazama usoni. "Shoga, unalia?"

"Moshi," alisema Bi Mwanamkasi.

Kuni ndiyo kwanza zilikuwa zinashushwa.