Muhuri Mwekundu Nilioupeleka Bariadi

Siku karatasi ile ilipotoka kwenye begi la Kabula tulikuwa wanne: mimi, Masanja anayenifuata, shangazi yetu aliyekuja kutusaidia kuchuma pamba, na Kabula mwenyewe, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Ilikuwa na maandishi ya Kichina na, chini pembeni, muhuri mwekundu.

"Ni shairi la kale," Kabula alisema. "Mwalimu wa Kichina amenizawadia. Mtu katoka kwao kwa ajili ya vita, anatangatanga, viatu vimeisha, na kila kijiji wanamwambia apite."

"Shairi lina muhuri?" shangazi akauliza. "Hiyo ni karatasi ya ndoa. Au ya kumsafirisha."

Niliishia darasa la sita wazazi walipofariki, lakini muhuri naujua. Nikasema Kabula harudi shuleni mpaka nijue amesaini nini. Akaikunja karatasi, akaniachia mkononi.

Ijumaa alfajiri nilitoka kijijini kwetu Lingeka kwa pikipiki mpaka Mwanhuzi, nikapanda basi. Karatasi niliifungia tumboni kwa khanga.

Saa nne, Maswa, jirani yangu wa kiti aliniuliza ninakokwenda. Nikamdanganya, nikasema hospitali.

Saa saba, Bariadi. Nilielekezwa kwa Mchina anayeuza vipuri vya pikipiki. Nilimtaka huyo kwa sababu hamjui Kabula. Pamba tunaipima nyumbani kabla ya kuipeleka kituoni. Maneno ya mdogo wangu nayo nilitaka yapite mizani mbili.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma. Nikazidi kumshuku. Nani alimfundisha, na ili amuuzie nani nini?

"Nisomee. Usiruke kitu."

Alinawa grisi mikononi kwanza. Akasoma kwa lugha yake, kisha Kiswahili. Vita, viatu, vijiji: sawa na alivyosema Kabula.

"Na muhuri?"

"Jina la aliyeandika kwa brashi. Kwetu ndiyo kawaida."

"Hakuna ndoa humo?"

"Mama, mtunzi alikufa zamani sana. Atamuoa nani?"

Sikucheka. Akarudi kwenye karatasi. "Bado mstari mmoja. Anasema njia haimlizi. Kinachomliza ni dada aliyebaki nyumbani, aliyekuwa akila wa mwisho na kusema ameshiba."

Huo Kabula hakuutaja. Nilimrudisha hapo mara tatu, nikitafuta hila. Sikuipata.

Nililala Maswa. Jumamosi mchana nilimkuta Kabula anaosha vyombo.

"Mbona ulinificha mstari wa mwisho?"

"Ungesema nakuonea huruma. Hupendi."

Kweli sipendi. Nilidhani huzuni ya namna yetu ni ya kunyamaziwa tu. Kumbe huko mbali mtu aliiandika vizuri, na wengine wakaitunza.

Jumatatu nilimpeleka Mwanhuzi, begi lake kichwani kwangu. Mlangoni mwa basi akageuka.

"Dada, ulipoacha shule, ulilia?"

"Panda, basi linaondoka."

Akapanda. Basi lilikaa pale nusu saa nzima, yeye dirishani, mimi chini, na sikumjibu. Jibu hilo ananidai mpaka leo.