Pembe ya Mfongo na Chupa Iliyozimika

Mwanangu, nakumbuka siku moja pembe ililia hapa Kibosho kuita watu kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, na kaka zangu wakaendelea kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Hasira ya siku ile bado ninayo, na juzi mmeniongezea nyingine.

Ilikuwa Krismasi, enzi soko huria limeanza kutunogea. Kaka zangu wamerudi na pikapu zao kutoka Himo na Tarakea. Mimi shangazi yako nimetoka maabara Dar es Salaam, nilikokuwa nafuga bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Bakteria mmoja akiwa peke yake hawaki. Kila mmoja hutoa kemikali ya kuwajulisha wenzake kwamba yupo. Wakihisi wametosha, wote huwaka. Mwaka ule chupa yangu moja ilizimika. Nikadhani wamekufa, kumbe wamejaa tele. Tuliposoma vinasaba vyao herufi kwa herufi, tukakuta sehemu ya kuitikia wito imeharibika. Wachache walioharibika kwanza walikula na wenzao waliowaka, wakazaana upesi kuliko wao kwa kuwa hawakutumia nguvu kuwaka, hadi chupa nzima ikawa giza.

Basi mvua ilikuwa imebomoa banio la mfongo, ukuta wa mawe unaoingiza maji ya mto mferejini. Lisipojengwa, ukoo mzima ungekosa maji kiangazi. Babu yako akashika jembe. Baba yako akasema, "Si wengine watakwenda, baba?"

Nikamwambia, "Kaka, wanaosema hivyo nawajua. Wameniulia chupa."

Kwa mila, wanawake hatukwenda mfongoni. Nilichukua jembe hivyo hivyo. Mzee akanitazama, akasema, "Twende, mama."

Juu tulikuta wazee wachache tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, jiwe kubwa la banio halikusogea. Kiangazi kile migomba ilinyauka, babu yako akamtoa ng'ombe wake zizini kwa kukosa maji na majani ya kumlisha, na hakufuga tena mpaka tunamzika.

Juzi pembe imelia tena. Nimekuona barazani, unachungulia njiani uone nani ataanza. Bakteria wangu walikuwa na udhuru, walikuwa wameharibika. Wewe masikio yako mazima. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ndugu mwenyewe naye anakutegemea wewe.

Mwanangu, usingoje watu watoshe ndipo uinuke. Hata bakteria mmoja baharini hutoa wito wake kabla hajajua kama wenzake wapo. Jumamosi pembe italia. Mungu akubariki, maji yafike kihambani kwako, kwenye migomba yako, na yakukute umeshika jembe.