Jiwe Lililofumbua Macho

Mama mkwe wangu ndiye aliyeliona kwanza. Nilikuwa jikoni nachambua kisamvu, yeye amekaa sebuleni mbele ya tangi la kioo, mguu wake unaomsumbua ameunyoosha juu ya kigoda. Aliita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Mwanangu, njoo uone. Jiwe hili lina macho."

"Lipi, Mama?"

"Hilo la pembeni. Limefumbua, limeniangalia, limefumba tena."

Nilikwenda na kisamvu changu mkononi. Nikaona jiwe, basi. Lakini sikumbishia, maana kufikia siku hiyo tangi lile lilikuwa limeshaniumbua vya kutosha.

Wazo la tangi lilikuwa langu. Nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Newala, na wengi wa wanafunzi wangu wamekulia huku juu kwenye mikorosho na mihogo; bahari wameiona kwenye picha. Nilitaka waje nyumbani waone viumbe wa maji ya chumvi wakiwa hai. Mume wangu ni bwana shamba, huenda Mtwara mara kwa mara kikazi. Safari moja alirudi na madumu ya maji ya bahari, samaki wadogo wawili wenye mistari, na mawe yenye matundu aliyopewa na rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye hufuga samaki wa baharini.

"Mawe matupu tu," mume wangu aliniambia. "Samaki wapate pa kujificha."

Wiki ya kwanza yalikuwa mawe matupu kweli. Kisha asubuhi moja mnyoo mrefu ulichomoza kwenye tundu, miguu mingi kama ya tandu, ubavuni una manyoya meupe. Niliuvuta kwa vidole. Yale manyoya yaliniingia ngozini kama vumbi la upupu, na mume wangu alikaa muda mrefu akiyabandua kwa utepe wenye gundi, huku mama yake akiuliza kama huko chuoni hatukufundishwa kutoshika tusichokijua. Baadaye yakaota maua ya kahawia, yenye mikono myembamba inayopeperuka majini. Niliyapenda. Nilipompigia rafiki yangu simu kumweleza, alisema hayo si maua, ni wanyama, na wanachoma. Nikakata moja kwa wembe. Baada ya siku chache palipokuwa na moja palikuwa na kundi zima. Kila kipande kilichobaki kilikuwa kimejiotea mwili wake.

Halafu samaki mmoja akatoweka. Tukatafuta sakafuni tukidhani ameruka, tukamsingizia paka wa jirani. Wa pili alipotoweka, tangi lilikuwa limefunikwa kwa ubao na paka hakuwa na njia.

Ndipo Mama alipoliona jiwe lenye macho.

Nilivuta kiti, nikakaa naye. Kisamvu kikanyauka mapajani. Mama alinionyesha tu kwa kidevu. Na mbele ya macho yangu ile pembe ya jiwe ikavuta pumzi. Ikafura kidogo, ikanywea. Rangi yake ya kijivu ikapitiwa na wekundu kama mtu anayeona haya, jicho likafunguka, na ndani yake mlikuwa na mstari mweusi uliolala. Mkono wenye vikombe vidogo ukatambaa kwenye kioo hadi usawa wa uso wangu.

Nilisimama kiti kikaanguka. Miaka yote nimesimama mbele ya darasa nikieleza jinsi wanyama wanavyojifananisha na mazingira yao. Nimechora ubaoni. Na nyumbani kwangu nilikuwa nimefuta vumbi kwenye kioo kila siku, pweza yuko upande wa pili, sijamwona.

"Ni pweza, Mama."

"Pweza huyu wa sokoni?"

"Huyo huyo."

Alimtazama muda. Yeye alimjua pweza aliyekaushwa, mgumu, wa kuloweka kabla ya kupika. "Kumbe ana macho," alisema.

Rafiki yangu naye alishtuka nilipomtumia picha. Alisema lazima alikuja amejificha ndani kabisa ya jiwe. Tulikubaliana mume wangu amrudishe safari yake ijayo, na wakati huo tumlishe dagaa wabichi. Lakini pweza hakula. Alijikunja ndani ya tundu, akakaa humo siku baada ya siku. Nilipomulika kwa tochi niliona dari ya tundu imening'iniza vitu vyeupe kama punje za mchele, vimefumwa pamoja, naye anavipapasa kwa ncha za mikono na kuvipulizia maji.

"Anaatamia," Mama alisema. "Usimsumbue na tochi yako."

Rafiki yangu alisema lazima alikuwa ameshapandwa kabla ya kuletwa, na tusimhamishe tena, mayai yangeharibika. Akaongeza jambo nililopaswa kulijua: pweza jike akishataga hali tena, na watoto wakitoka, yeye hufa. Nilimweleza Mama. Kuanzia hapo alihamisha mkeka wake wa kuswalia karibu na tangi, na umeme ulipokatika, mashine ya kusukuma maji ikizimika, alikoroga maji kwa mwiko ili yasikose hewa.

Mayai yalianguliwa Jumamosi asubuhi. Mama aliniita, na mara hii sauti yake haikuwa ya kawaida. Maji yalikuwa yamejaa vitu vidogo kama mbu, kila kimoja kina macho mawili na mikono yote, vinaruka na kusimama. Na vilikuwa vinavutwa kwenye mashine ya kusukuma maji. Nilichomoa waya kwa pupa. Vingi vilikuwa vimeshapita. Tulichota vilivyobaki kwa vikombe hadi ndoo ikajaa, mume wangu akaazima gari, tukashika njia ya Tandahimba kwenda Mtwara, ndoo katikati ya miguu yangu. Mama alikataa kuja. Alisema hawezi kumwacha mwenzake peke yake.

Njia nzima niliwaona wale watoto wa pweza wakizama mmoja mmoja. Tulipofika ufukweni, rafiki yangu alituongoza hadi kwenye mawe, tukaizamisha ndoo polepole. Baadhi walikuwa bado wanaruka. Maji yakawachukua, na hatukuweza tena kuwatofautisha na mchanga unaoelea. Simu ikaita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmefika nao?"

"Tumefika. Wengi wamekufa. Wachache wameingia majini wazima."

"Huyu wa kwangu ameachia jiwe. Amekuwa mweupe kabisa, mwanangu. Sikujua kama atakuwa mweupe hivyo."

Nilimwambia amwache tu majini, tukirudi tutamtoa.

"Nimeshamtoa," alisema. "Nimemfukia nyuma ya nyumba, paka wasimpate. Niletee maji mengine ya bahari. Yale maua yako bado yapo, na kuna kitu kingine kinatembea kwenye mchanga, sikijui."