Siku Niliyoikimbia Ngazi ya Boti kwa Sababu ya Mama Mkwe

Jamani, hii nimeikalia kimya muda mrefu, na hata sasa naisimulia huku nimeinamisha uso, maana aibu nyingine mtu hajui aanzie wapi: nilikaribia kufa baharini mchana kweupe nikiwa nimeshika ngazi ya kupandia, ngazi nzima ya chuma, nikaiachia. Sikuteleza wala sikusukumwa na mtu. Niliiachia mwenyewe kama aliyeshika sufuria ya moto, na naomba msinicheke kabla hamjasikia sababu (mkishasikia chekeni, nimeshazoea).

Kwa asiyenijua, naitwa Shija, nina duka Kahama la pampu, mabomba na kamba, wateja wangu wengi ni wachimbaji wadogo wa upande wa Bulyanhulu. Mke wangu Kabula ni mtu wa Kishapu, na mama yake hakuwahi kunipenda. Siyo kwamba ana roho mbaya, hapana, ila siku ya posa alituma ujumbe kupitia kwa kaka yake, yule mjomba mkubwa wa Kabula, akasema, "Watu wa machimbo maneno mengi, ukweli kiduchu," na tangu siku hiyo miaka mitatu mizima nimeishi nikitafuta namna ya kumwonyesha kwamba mimi si wa hivyo. Sasa utamwonyeshaje? Maana kwetu Wasukuma tunaoshika mila (wengine wameacha, yeye hajaacha na hataacha) mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na jina la mkwe mama halitamki hata akitishwa. Tukikutana njiani yeye anageukia upande wa pili, mimi napita mbali, tunasalimiana hivyo hivyo kila mtu akiangalia kwake. Kumthibitishia ukweli wako mtu asiyekutazama ni kazi kubwa.

Basi Kabula akaona kwenye simu picha za watu wamekaa kwenye boti nyeupe ya kifahari, ile wenyewe wanaiita yoti, wanakodi peke yao kutwa nzima, wanavaa miwani ya majini na bomba la kupumulia, wanaangalia samaki, akanionyesha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu akawa hanionyeshi tena, ananuna tu. Nikakodi. Tukapanda basi mpaka Dar, tukafikia kwa dada yake aliyekuwa amejifungua, na hapo ndipo penyewe, kwa sababu mama mkwe naye alikuwa pale akimhudumia mzazi, na usiku wa kuamkia safari Kabula akaniambia, "Baba, mama hajawahi kuona bahari kwa karibu. Twende naye."

"Kabula, boti hiyo! Nitamkwepea wapi?"

"Ni kubwa. Yeye atakaa mbele, wewe utakaa nyuma, katikati naweka kitenge."

Sikubisha. Nilijiambia labda ndiyo nafasi yangu ya kupata baraka, mama arudi Kishapu aseme mkwe wake alimpeleka baharini.

Asubuhi kweli kitenge kikafungwa, mama mkwe akakaa mbele nyuma ya pazia, mimi nyuma karibu na ngazi, tukaondoka na nahodha mmoja mpole anaitwa Shaame na mpishi wake, mzee mwenye tumbo, aliyeshuka jikoni chini akafungua redio na hakuonekana tena. Tulipofika nje ya kisiwa kimoja nanga ikatupwa, nahodha akaleta majaketi ya kujiokolea, ya rangi ya chungwa, akauliza kwa sauti kubwa, "Haya waungwana, nani humu hajui kuogelea?"

Ndugu zangu, swali lile lilikuwa na jibu moja tu la kweli. Lakini kule mbele nikaona pazia limetulia kabisa, nikajua mama mkwe anasikiliza, na wakati wa uchumba nilishamwambia Kabula kwamba mimi nimekulia Songwa, bwawani, maji ni kama nyumbani (ukweli ni kwamba nilikuwa nanywesha ng'ombe pale, maji yalinifika magotini, na yakizidi hapo nilikuwa nashika mkia wa ng'ombe). Nikisema sijui, Kabula atanishangaa kwa sauti, na mama yake atasikia uongo wangu ukianguka mmoja mmoja. Nikakohoa, nikasema, "Mimi wa Songwa bwana. Jaketi wape akina mama."

Nahodha akacheka, akanipigia saluti, jaketi la tatu akalirudisha kabatini na kufunga mlango.

Kabula akavalishwa vifaa, akaingia majini na jaketi lake, nahodha akamshika mkono kwa sababu ni mgeni wa maji, wakaenda taratibu kwenye matumbawe kama hatua hamsini kutoka botini. "Kaka, ingia, mkeo anakusubiri!" nahodha akaniita. Nikavua shati, nikabaki na bukta, nikashuka ngazi nikiwa na miwani na bomba langu mdomoni, na mpango wangu ulikuwa mzuri tu: nishike ngazi kwa mikono miwili, nizamishe uso, wakitazama kutoka mbali waone mtu anaogelea. Na ulifanya kazi! Kama dakika tano hivi nilikuwa mtu wa pwani kabisa, nikaona samaki wa manjano, nikaona wa mistari, nikaanza hata kujipongeza.

Kilichoharibu ni mawimbi. Boti ikitia nanga, mbele ndiko kunakorukaruka zaidi, na mama mkwe akaanza kusikia kichefuchefu. Akafanya ambacho angefanya mtu yeyote mwenye akili, akainuka akaja nyuma kwenye utulivu, na kwa kuwa hakuona mtu akajua wote tumeenda kwenye samaki, akaketi juu ya ngazi, akateremsha miguu kwenye kipandio cha kwanza. Mimi nainua uso kutoka majini, naona nyayo za mama mkwe, sentimita chache kutoka kwenye paji la uso wangu.

Nipo na bukta, imelowa, imenigandia, na yeye akiinama kidogo tu atamwona mkwe wake yuko hivyo chini ya miguu yake, jambo ambalo mtu wa kwetu halisahau mpaka anazikwa. Nikaachia ngazi. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia, na ukiniuliza leo nitakuambia kwamba sikuliona lile kama ujinga, niliona ni adabu.

Mawazo yangu yalikuwa hivi: mbele sasa hakuna mtu, kule kuna kamba ya nanga, kamba nauza mimi mwenyewe, wachimbaji wanashuka nazo mashimoni na kupanda kila siku, nitapanda kwa kamba nivae taulo nitokee kama mtu aliyemaliza kuogelea. Ubavuni mwa boti kulikuwa kumening'inizwa mipira ya kuzuia boti isigonge gati, nikashika wa kwanza, nikajivuta, nikashika wa pili, nikajivuta, kumbe maji yanatembea kutoka mbele kwenda nyuma, kila hatua navutana na mkondo, bomba limeingia maji ya chumvi nimeyameza, nimelitema. Mpira wa mwisho mpaka kamba ya nanga palikuwa na nafasi tupu kama urefu wa kitanda. Nikaruka. Naapa niliifikia ile kamba. Ila ina utelezi, imeota majani ya bahari, na sehemu ya mbele ya boti iko juu kama ukuta, na wachimbaji wangu (hili nilikuwa sijawahi kuliwaza) huwa wana pa kuegemeza miguu.

Niliing'ang'ania mpaka vidole vikakataa. Niliogopa, jamani. Nilishikwa na hofu isiyo na mfano, nikawaza nitakufa mita chache kutoka kwa watu wawili na redio, halafu wataambiana, "Si alisema anajua maji?"

Kamba ikanitoka. Mkondo ukanichukua ukanirudisha ubavuni mwa boti ukinipeleka nyuma, nazama naibuka, nazama naibuka, mipira ile ile inanipita siifikii, na mbele yangu namwona mama mkwe ameketi palepale kwenye ngazi. Baada yake hakuna kitu, ni bahari tupu. Akaniona. Na mnajua alifanya nini? Akageuza uso! Kwa heshima! Alishasikia kwa masikio yake kwamba mimi wa Songwa, akajua mkwe anaogelea, akampisha.

Nikataka kupiga kelele nikakosa la kusema, maana miaka mitatu neno pekee ninalomwambia mama yule ni salamu. Basi ndilo lililotoka.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba," akajibu, ameangalia kisiwani.

Nikazama, nikameza maji, nikaibuka. "Shikamoo!"

Hakuna mtu anayesalimia mara mbili kwa pumzi moja, na ile ya pili ilitoka na mapovu. Akageuka. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake, na sura yake ikabadilika.

"Mayu wane, mama yangu! Shija! Shija anakufa! Njooni! Shija!"

Jina langu. Analitaja kama anaita ng'ombe aliyepotea, na redio chini inaendelea kuimba. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akashika chuma cha ngazi kwa mkono mmoja, akanitupia ncha, ikaangukia mbali, akairudisha, akatupa tena, sikuifikia, na nilikuwa nampita sasa, naona kisiwa kinageuka. Akashuka vipandio viwili, vitatu, maji yakamfika kifuani, mama asiyewahi kuingia maji yanayozidi karai, na jaketi lake likampandia shingoni.

"Toa mkono!"

Sikutoa. Naona haya kusema hivi lakini sikutoa, niliuzuia mkono wangu kwa nusu nukta, mtu anayekufa, nikiwaza siwezi kumshika mama mkwe.

"Toa mkono wewe, usinitie wazimu!"

Akanidaka mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Mama yule amelima pamba na mpunga maisha yake yote, alinivuta kama anang'oa kisiki, nikagonga kidevu kwenye ngazi, nikaikumbatia, safari hii hata wangekuwa mama wakwe kumi nisingeiachia. Nahodha na Kabula walifika nimelala kifudifudi natapika, na mama mkwe amerudi mbele nyuma ya pazia.

"Bwana wa Songwa, kulikoni?" nahodha akauliza. Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ya Kisukuma, kavu, haina hasira wala huruma: "Kabula, mwambie mumeo avae shati."

Njia nzima ya kurudi samaki wa mpishi wakapoa kwenye sahani. Kilichoniumiza siyo kidevu. Niliumia kwamba mwanamke yule alikuwa ameshika mila yake tangu aolewe binti yake wa kwanza, hajawahi kuivunja hata siku moja, na ameivunja yote kwa dakika moja, kunitazama, kunitaja, kunishika, kwa sababu mimi niliona taabu kusema maneno mawili, "Mimi sijui."

Na jambo kama hilo halifichwi. Wiki mbili baadaye tukaitwa Kishapu, atafutwe mbuzi, mambo yasafishwe. Nikaenda kama mtu anayeenda kuhukumiwa, nimeshajua mama mkwe atasema nini, "niliwaambia, watu wa machimbo," na nilikuwa nimejiandaa kukubali kila neno. Wajomba wakakaa uani, mimi kwenye kigoda, yeye ndani nyuma ya mlango kama inavyotakiwa. Mjomba mkubwa akamuuliza dada yake, ilikuwaje mpaka mkashikana.

Halafu kutoka ndani: "Niliteleza kwenye ngazi nikaanguka majini. Mkwe akanidaka. Bila yeye mngekuwa mmeshanizika."

Kabula akanitazama. Mimi nikatazama mbuzi. Mdomo nilishaufungua, kweli kabisa nilitaka kusema, lakini nikisema ukweli namfanya mama yule mwongo mbele ya kaka zake, nikaufunga. Wajomba wakaniinukia kunipa mkono mmoja mmoja, mjomba mkubwa machozi yakamlenga, akasema tulimdharau kijana huyu bure, na ilipoiva nyama nikapewa paja zima, "Kula mkwe, wewe ni mwanaume," nikala, kila tonge likipita kooni kwa shida kuliko maji ya bahari.

Nimeapa. Siku hizi mtu akiniuliza kama najua kitu, hata kile ninachokijua kabisa, naanza na hapana, na wateja wengine wameanza kuwa na wasiwasi na pampu zangu. Baharini sirudi. Na mama mkwe tumerudi kwenye mila yetu kama zamani, mbuzi alishamaliza kila kitu: akija Kahama tukakutana sokoni anageuza uso upande wa pili, mimi napita mbali, nasema shikamoo, anajibu marahaba. Ila sasa, kila nikishapita, Kabula ananiambia mabega ya mama yake yanatikisika kwa kicheko.